SOMO LA KIKUNDI: UKIULIZA INTANETI, ULIZA VIZURI



Hapa Njiru, katika mikutano yetu, swali likitokea siku hizi mara nyingi tunamwambia mmoja mwenye simu, "Hebu tafuta kwa Google." Anatafuta, anapata majibu maelfu, na kila mtu anaondoka na lake. Shida si simu. Shida ni vile tunavyouliza. Somo hili litatusaidia kuuliza vizuri, kwa sababu jibu baya linaweza kumaliza pesa za kikundi kwa siku moja.

MFANO WETU

Tuseme kikundi kina kuku wa kienyeji. Asubuhi moja watano wamekufa. Wengine wanaharisha kinyesi cha kijani, wanahema kwa shida, na wawili shingo zimepinda. Mweka hazina ana pesa kidogo. Je, zinunue dawa gani? Tutatafuta jibu hatua kwa hatua.

MTAMBO WA KUTAFUTA UNAFANYAJE KAZI?

Watu wengi hufikiri Google inajua kila kitu. Haijui. Google, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1998, ni programu inayopita kwenye kurasa za intaneti, inasoma maneno yake, na kuyapanga kama faharisi iliyo nyuma ya kitabu cha shule. Ukiandika neno, inakuonyesha kurasa zenye neno hilo au maana iliyo karibu nalo.

Ni ipi inawekwa mbele? Kati ya mambo mengi inayoangalia, moja ni kama kurasa nyingine zinaitaja. Ni kama vile tunavyochagua mweka hazina: anayetajwa na watu wengi wa kuheshimika hupewa nafasi. Lakini kutajwa na wengi si kusema kweli. Hilo tulikumbuke.

HATUA YA KWANZA: Taja kitu chenyewe

Ukiingia Gikomba ukisema "nataka nguo", utazungushwa mpaka jioni. Ukisema "nataka sweta ya shule ya mtoto wa miaka sita", unaonyeshwa mahali. Kutafuta ni vivyo hivyo. Usiandike "kuku wanakufa" tu. Andika dalili mlizoziona: kuku kuharisha kijani shingo kupinda. Maneno manne hadi saba yanatosha. Salamu na maelezo marefu hayahitajiki.

HATUA YA PILI: Jaribu jina lingine na lugha nyingine

Ukitafuta kwa dalili hizo, jina moja litajitokeza mara nyingi: Newcastle. Huko Tanzania ugonjwa huu huitwa kideri au mdondo. Anayeandika "kideri" atapata maandishi mazuri ya Kiswahili ambayo mwenye kuandika "Newcastle" huenda asiyaone. Tena, maandishi mengi ya utaalamu yako kwa Kiingereza. Kama Kiingereza kinawasumbua, mwiteni kijana wa sekondari awasomee. Jaribuni majina yote kabla ya kusema hakuna kitu.

HATUA YA TATU: Tumia alama ndogo

(a) Alama za kunukuu. Ukiandika "Newcastle disease" ndani ya alama hizo, mtambo unatafuta maneno hayo yakiwa pamoja na kwa mpangilio huo.

(b) Alama ya kutoa. Newcastle pia ni mji wa Uingereza, ambako ugonjwa huu ulitambuliwa mwaka 1926, na mji huo una timu ya mpira. Ukiandika Newcastle peke yake, utaletewa mechi na magoli! Andika Newcastle kuku -United. Acha nafasi kabla ya alama ya kutoa, lakini usiache nafasi baada yake. Kurasa zenye neno hilo zitaondolewa.

(c) Neno site. Ukiandika Newcastle site:go.ke, unaletewa kurasa za Serikali ya Kenya peke yake. Usiache nafasi baada ya nukta mbili.

HATUA YA NNE: Uliza, nani anasema?

Kabla ya kuamini, soma anwani ya ukurasa. Mwisho wa go.ke ni wa Serikali. Ac.ke ni wa vyuo. Or.ke ni wa mashirika yasiyo ya kibiashara. Co.ke ni wa biashara. Uwe macho: angalia maneno yaliyo mara tu kabla ya mkwaju (/) wa kwanza baada ya jina. Mlaghai anaweza kuweka "go.ke" katikati ya jina refu ambalo mwisho wake ni kitu kingine kabisa.

Kwa mambo ya shamba, jaribuni pia Infonet-Biovision, ambayo imeandikwa kwa ajili ya wakulima wadogo. Waliosaidia kuianzisha ni icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Kasarani, jirani zetu hawa.

Majibu ya juu kabisa mara nyingine ni matangazo ya kulipiwa. Yana alama ndogo ya kusema hivyo, lakini ni rahisi kuipita. Aliyelipa ili awe wa kwanza anataka kuuza. Tangu mwaka 2024, Google pia imekuwa ikiweka juu muhtasari ulioandikwa na mashine. Muhtasari huo unaweza kusaidia, lakini unaweza kukosea. Fungua kurasa zenyewe usome.

HATUA YA TANO: Angalia mwaka

Viwavijeshi vamizi, wale wanaokula mahindi, waliripotiwa Kenya mwaka 2017. Ukisoma ukurasa wa mwaka 2012 kuhusu wadudu wa mahindi Kenya, hautakutajia. Si kwamba ni uongo, umezeeka tu. Hali ni hiyo hiyo kwa bei, sheria na mikopo ya vikundi. Kwa mfano, sheria ya kuandikisha vikundi vya kijamii ilitungwa mwaka 2022. Maelezo ya kabla ya hapo msiyategemee.

HATUA YA SITA: Tafuta mashahidi wawili

Msitoe hata shilingi kabla ya kurasa mbili zisizohusiana kukubaliana. Kama ya pili imenakili ya kwanza neno kwa neno, huyo ni shahidi mmoja tu.

SASA, KUKU WETU

Tukifuata hatua hizi, tunapata nini? Kwamba dalili zile zinafanana na za Newcastle. Kwamba Newcastle huletwa na virusi, na haina dawa ya kuitibu. Antibaiotiki haziui virusi. Kwa hiyo tangazo linalosema "dawa ya kuponya Newcastle kwa siku tatu" linataka pesa yenu. Kinachosaidia ni chanjo, na hupewa kuku wakiwa bado wazima. Chanjo hurudiwa, basi ulizeni ratiba. Wagonjwa watengwe. Waliokufa wazikwe shimo refu au wachomwe. Wasiuzwe, na wasitupwe mtoni.

Hata hivyo kuna magonjwa mengine yenye dalili za namna hii, na simu haiwezi kumpima kuku. Mwiteni daktari wa mifugo au afisa wa Serikali wa mifugo. Tofauti ni kwamba sasa mtamwita mapema, mkijua la kumwuliza, na pesa bado ziko kwa mweka hazina.

KUOKOA BANDO

Andikeni maswali kwenye daftari kabla ya kuwasha intaneti au kwenda saiba. Mkipata ukurasa mzuri, andikeni jina lake, tarehe mliyousoma na mambo makuu, ili mwingine asiurudie kwa pesa yake. Na msiandike kamwe nambari ya siri ya M-Pesa au nambari ya kitambulisho mahali mlipofikishwa na tangazo.

MASWALI YA KUJADILI

1. Ni uamuzi gani wa kikundi chetu uliotegemea jambo tulilosikia tu? Tungelitafutaje?

2. Ni nani kati yetu anaweza kutafuta, na nani anaweza kutafsiri? Wapewe kazi hiyo rasmi.

3. Zoezi: chagueni swali moja la wiki hii. Watu wawili walitafute kwa maneno tofauti, kisha walete majibu kwenye mkutano. Yakitofautiana, ulizaneni: nani anasema, alisema lini, na anauza nini?

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Sisi tunaongeza: kuuliza ni kazi, na kazi hii inafundishika.