Raha ya Kuwa Mwanamume: Mafunzo Niliyopata kwa Mpwa Wangu

Dada yangu alirudi nyumbani kwetu Ngamiani, mjini Tanga, na watoto wawili baada ya ndoa yake kuvunjika. Binti alikuwa na miaka 12, mdogo wake wa kiume 9. Mimi ni muuguzi, sina mke wala mtoto, kwa hiyo kazi ya kumkuza yule mvulana ikaniangukia kama zinavyowaangukia wajomba wa pwani kazi nyingi. Sasa ana miaka 14 na karibu ananifikia kimo. Haya ndiyo niliyoyaokota njiani. Mengine bado nabishana na mama yake.

1. Maongezi ya barazani yanamfikia

Jioni mashoga wa dada walikuwa wakija kumliwaza. Wanakaa mkekani, wanachambua mchicha, na wanaume wanachambuliwa pamoja nao. Wote ni walewale. Hawana shukrani. Ukizaa wa kiume umemzalia mke wa watu. Mvulana yupo pembeni, kalalia tumbo, anaandika kazi ya shule. Usiku mmoja akaniuliza, "Mjomba, na mimi nikikua nitakuwa vile?"

"Vile vipi?"

"Kama wanavyosema."

Sikutaka kuwafunga midomo kina mama wale. Malalamiko yao yalikuwa ya kweli, na baadhi ya wahusika nasalimiana nao kila siku. Nilichomwomba dada ni kidogo: aliyekosa atajwe yeye. Baba fulani hajaleta ada, basi ni baba fulani, asiingizwe mtoto ambaye hajawahi kudaiwa hata shilingi. Dada akacheka, akasema nawatetea wenzangu, lakini akabadilika, na mashoga zake wakafuata. Mmoja mpaka leo akijisahau hunitazama na kuongeza, "ukimwondoa mjomba wa watoto." Huwa simshukuru. Mvulana akiambiwa kwamba mwanamume mwema mtaani ni mmoja tu, hesabu hiyo haimpi matumaini.

2. Mweleze mwili wake kabla haujamshtua

Alipotimiza miaka 12 alianza kuvaa jaketi. Tanga, mwezi wa pili, joto la kukausha mate, mtoto kafunga zipu mpaka kidevuni. Mama yake akadhani ni mtindo. Mimi nilikuwa nimeshawaona wavulana wa namna hiyo kazini, nikamwita chumbani nikamwuliza kama kifua kinamuuma. Akaangua kilio. Nyuma ya chuchu moja palikuwa na kinundu, na yeye alikuwa ameamua kwamba ama ana saratani ama anageuka msichana. Darasani walishaanza kumwita "mama".

Jambo hili huwapata karibu nusu ya wavulana wanaobalehe, na sijui kwa nini halisemwi. Kila mwanamume ana homoni ya kiume na kiasi kidogo cha ile ya kike. Homoni zinapoanza kupanda, mizani huyumba kwa muda, na tishu za kifua huvimba. Mara nyingi uvimbe hunywea wenyewe ndani ya miezi kadhaa, au miaka miwili hivi. Ukiendelea kukua au chuchu ikitoa majimaji, ndipo aonwe na daktari. Nilimwambia na la kwangu: mimi pia nilipitia, nikiwa shule ya bweni, mahali ambapo hakuna pa kujificha. Akavua jaketi siku ileile. Wa kumwita "mama" waliendelea kidogo, ila sasa alikuwa na jibu, tena la kitaalamu, na aliwatisha kwamba zamu yao inakuja.

Toka hapo sikungoja tena aulize. Nilimwambia kwamba mvulana huanza kubalehe popote kati ya miaka 9 na 14, kwa kawaida nyuma kidogo ya wasichana, ndiyo maana darasa la sita wasichana huwa warefu na wavulana hufidia kwa kelele. Kwamba dalili ya kwanza ni kende kukua, wala si ndevu. Kwamba sauti hukwaruza kwa sababu koo linapanuka na nyuzi za sauti zinarefuka, na atakayemcheka leo atakwaruza mwakani.

Kuhusu kuota usiku na kuamka nguo zimelowa, madrasa ilinisaidia kuliko shule. Ustadhi wao aliwafundisha josho la janaba waziwazi kama anavyofundisha udhu, bila kicheko wala vitisho. Mtoto akajua kwamba jambo lenyewe lina utaratibu, kwamba watu wazima wote aliowaona msikitini wamelipitia, na kwamba ukishaoga unaendelea na siku yako.

3. Kisu kimebaki, mafunzo yameondoka

Babu yangu alikwenda jandoni. Wavulana walikaa kumbini mbali na nyumba za watu, ngariba akafanya kazi yake, na wakati vidonda vinapona wakafundishwa nyimbo, mafumbo, adabu kwa wazazi, na namna ya kuishi na mke. Leo wavulana wengi wa hapa hutahiriwa hospitalini wangali wachanga. Kama muuguzi sina ugomvi na kisu safi na sindano ya ganzi. Tena tangu 2007 Shirika la Afya Duniani linapendekeza tohara ya wanaume katika nchi zenye maambukizi mengi, baada ya utafiti uliofanyika Orange Farm (Afrika Kusini), Kisumu (Kenya) na Rakai (Uganda) kuonyesha kwamba inapunguza kwa takriban asilimia 60 uwezekano wa mwanamume kuambukizwa VVU na mwanamke. Lakini mtoto wa siku saba humfundishi kitu.

Sitamani kumbi lirudi lilivyokuwa. Babu alisimulia viboko vyake akicheka, nami sikuona cha kuchekesha. Ninachokitamani ni siku ya kutoka: nguo mpya, ngoma, vigelegele, watu wazima kufurahi kwamba fulani naye amekuwa mkubwa. Mvulana wa leo hubalehe kimyakimya, na dalili ya kwanza kwamba watu wameona ni kwamba wameanza kumshuku. Duka alilokuwa akitumwa tangu mdogo, sasa muuzaji anamfuata kwa macho. Majirani waliokuwa wakimpa muhogo wanamwuliza anatafuta nini dirishani. Ukubwa wake unapokelewa kwa tuhuma, halafu tunashangaa hautaki.

Sisi tulifanya jambo dogo. Mama yake alipika pilau, nikaalika jamaa na wazee wachache wa mtaa, na yeye akavaa kanzu aliyoshonewa kwa kipimo chake mwenyewe, wala haikuwa ya kurithi. Sababu hatukuitangaza. Wazee walielewa, wakamkaribisha kukaa kwenye sinia lao.

4. Azione kazi nyingi mikononi mwa wanaume

Hili kwetu ni rahisi, kwa kuwa lipo. Harusini wanaopika masufuria makubwa ni wanaume, wamevua mashati, wanageuza wali kwa miko mirefu kama makasia. Wanaoshona magauni ya kina dada kwenye vibaraza vya Ngamiani, wengi wao ni wanaume. Mimi mwenyewe nafunga vidonda na kuwaosha wagonjwa. Nilimpeleka ayaone yote, bila hotuba. Alipoambiwa shuleni kwamba kupika ni kazi ya wanawake, aliona anayesema hajahudhuria harusi.

5. Machozi

Ukitaka kuona wanaume wanalia hadharani, nenda uwanja wa Mkwakwani timu yetu ya Coastal Union inapofungwa goli la dakika za mwisho. Wapo wazee wanaosimulia ubingwa wa ligi wa 1988 na sauti inawakauka kabla hawajamaliza. Mpwa wangu, mtoto wa maswali, akataka kujua mbona uwanjani ruhusa na nyumbani anaambiwa ajikaze. Sikuwa na jibu la maana. Nikamtajia Shaaban Robert, mtu wa hapahapa, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909. Mkewe alipofariki alimtungia shairi la maombolezo, "Amina", bila kuona haya kwamba watu watamjua ni mgane mwenye majonzi. Binti yake alimtungia Utenzi wa Hati, na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili. Mtu aliyetuandikia lugha tunayojivunia alilia kwa vina na mizani, na heshima yake haikupungua.

6. Mshike mkono

Pwani wanaume marafiki hutembea wameshikana mikono na hakuna anayegeuka. Vijana wanaanza kuacha. Mimi sijaacha, na akitaka kuuchomoa mkono wake namwachia.

7. Haki ya dada yake haikutoka mfukoni mwake

Chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi ilipoanza kutolewa nchini mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, binti yetu alikuwa bado mdogo. Zamu yake ilipofika alirudi na kadi, na mdogo wake akanuna. Mabango ya shule yanamzungumzia msichana, mikutano inamzungumzia msichana, sasa na sindano. "Sisi tumekosa nini?"

Hapa ndipo wanaume wenzangu wengi huharibu, kwa kumwambia mtoto kwamba kweli, dunia imemgeuka. Nilimweleza kirusi kinacholeta saratani hiyo kinafanya nini, kwamba nchi nyingine huchanja wavulana pia, na kwamba huku dozi zilianza kwa aliye hatarini zaidi. Kisha nikamkumbusha nani huamka kuteka maji bomba linapokauka. Hakuwa yeye. Wiki iliyofuata ikawa yeye, na kununa kukaisha, maana mtu aliyebeba ndoo huona kwa nini mwenzake alihitaji msaada. Lakini swali lake nalo halikuwa la upuuzi. Mvulana anayesikia habari za jinsia yake siku ya maonyo tu atatafuta pa kusifiwa, na wapo watu kwenye simu wanaosubiri kumsifia kwa kumfundisha dharau.

8. Ulizia raha yenyewe

Tunapomwambia mvulana kuhusu uanaume, tunamtajia mzigo: utalisha, utalinda, utajikaza. Siku moja nilikwenda naye kwenye baraza la kahawa, dhumna zinagongwa, nikawauliza wazee: raha ya kuwa mwanamume ni nini? Pakawa kimya, halafu pakawa vurugu. Mvuvi wa ufukwe wa Deep Sea alisema ni kurudi alfajiri ukakuta watoto wanakukimbilia mchangani. Mwadhini alisema ni sauti. Dereva mstaafu wa lori alisema ni kulala popote, hata juu ya marobota ya mkonge, na hakuna wa kukugusa. (Dada aliposimuliwa hilo alisema hiyo ni raha ya kutobughudhiwa, na hata yeye anaitaka. Sikubishana.) Mmoja alisema ni mtoto mchanga kulala kifuani mwako, wenzake wakamtania, kisha mmojammoja wakakiri. Hakuna aliyetaja ubabe, na pesa zilitajwa mara moja tu, na mtu aliyekuwa akidai.

Mpwa wangu alisikiliza yote, akachagua lake ambalo halikuwamo: kiti cha kinyozi, na ile taulo ya moto wanayofunikwa usoni wenye ndevu. Yeye hana hata unywele mmoja kidevuni. Kinyozi wa mtaani kamwahidi kunyoa kwa kwanza bure, na kila Ijumaa mtoto anapita kujikagua kwenye kioo chake asije akachelewa.