Hadithi ya Shilingi 20: Mbinu za Kumwandikia Mtoto

Niliwahi kuwasomea watoto wa Gredi ya 4, si mbali na Litein, Kericho, hadithi niliyokuwa nimeiandika kwa bidii. Msichana anapewa shilingi 20, ananunua andazi na penseli, anarudi nyumbani kwa furaha. Nilipomaliza, mvulana wa dawati la nyuma alinyoosha mkono: "Mwalimu, penseli ilikuwa pesa ngapi? Na chenji aliiweka wapi?" Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo, hesabu huja kwanza, sentensi baadaye.

Kwa hiyo, kabla ya kushika kalamu, nenda dukani. Uliza bei ya andazi, ya puto, ya peremende, uziandike. Kisha mpe mhusika wako kiasi kinachotosha kitu kimoja na kumnyima kingine. Andazi likiwa shilingi 10 na puto 20, mtoto mwenye 20 ana kazi ya kufanya kichwani. Ukimpa 50, atanunua vyote, na hadithi itaishia hapo kaunta.

Halafu itazame sarafu yenyewe. Tangu Desemba 2018, sarafu mpya za Kenya zina wanyama badala ya sura za marais: twiga kwenye shilingi 1, kifaru kwenye 5, simba kwenye 10, ndovu kwenye 20. Mtoto humwona mnyama kabla ya kusoma namba. Basi tumia hilo:

"Cherop alifungua kiganja. Ndovu alikuwepo, amelowa jasho. Akichukua andazi, ndovu ataingia kwenye mkebe wa Mama Duka na atakayerudi ni simba. Akichukua puto, hatarudi mtu."

Mtoto wa miaka saba akisikia hivyo ameelewa chenji, na hujamfundisha lolote.

Pesa imetoka wapi? Huku kwetu swali hili lina jibu zuri. Nyumba nyingi za Kericho na Bomet hupata pesa kwa majira: malipo ya majani ya chai kila mwezi, kisha bonasi, ambayo kwa wakulima wa viwanda vya KTDA huja karibu na Oktoba. Mwezi huo masoko hubadilika. Wachuuzi hutandaza nguo na sufuria chini, na watoto hupita katikati wakishikwa mikono. Weka hadithi yako hapo. Kogo, nyanya yake Cherop, afungue fundo la leso yake, atoe sarafu moja, aseme, "Hii ni yako." Kogo abaki kogo, usimgeuze kuwa "bibi" wa kitabuni.

Lakini usimwandike Cherop wa miaka tisa akilipwa kwa kuchuma chai. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 13. Ukitaka kuandika juu ya mtoto anayebeba kikapu mgongoni badala ya mkoba wa shule, andika hadithi hiyo kwa uzito wake wote. Usiitie hapa kama pambo.

Jina nalo linafanya kazi. Chebet ni aliyezaliwa mchana, Cherop ni aliyezaliwa wakati wa mvua, na mvua ya alasiri milima yetu inaijua vizuri. Acha imkute njiani kati ya mashamba, matope yakishika vidole, uamuzi ukiwa bado haujafanyika. Hapo ndipo uchelewe. Dukani pita haraka. Chenji iitwe chenji, si "salio", maana hakuna mtoto anayemwambia mwenye duka "nipe salio langu".

Sasa jambo linaloniuma. Hadithi zetu nyingi za pesa humwadhibu mtoto aliyetumia na kumtuza aliyeweka akiba. Puto linapasuka, analia, mama anamwonya, mwisho. Msomaji mdogo ameshaujua mwisho huo kabla ya ukurasa wa pili, naye hufunga kitabu moyoni ingawa macho yanaendelea. Mwache Cherop achague puto. Mwache alipulize njia nzima, mdogo wake alikimbize kati ya mistari ya michai, likipasuka lipasuke. Furaha ya jioni moja ni kitu kilichonunuliwa kwa shilingi 20, na ni halali yake. Au achague andazi, amkatie mdogo wake nusu, na simba alale chini ya mto. Njia zote mbili ni za kweli, mradi yeye ndiye aliyechagua.

Maneno 400 yanatosha. Ukimaliza, tafuta mtoto wa miaka minane, umsomee kwa sauti, na kalamu uwe nayo mkononi. Akiuliza chenji iko wapi, rudi ukahesabu upya.