SOMO: Raba za Milango ya Gari la Chama

Ndugu Makatibu, Wajumbe wa Kamati na Madereva,

Katika ukaguzi wa chama kimoja cha msingi, ambacho sitakitaja, nililetewa daftari la mapokezi ya kahawa ambalo kurasa zake kumi na moja zilikuwa zimegandamana. Wino ulikuwa umechuruzika, na uzito wa kahawa ya wakulima ishirini na watatu haukusomeka. Nilitazamia kuambiwa habari za stoo inayovuja. La, hasha. Daftari lilikuwa limesafirishwa sakafuni mwa Land Rover ya chama, kutoka kituo cha kununulia hadi ofisini, katika mvua ya vuli. Ilitupasa kuwaita wakulima mmoja mmoja pamoja na stakabadhi zao. Kazi hiyo ilituchukua siku tisa, na wawili kati yao walikuwa wamezipoteza stakabadhi. Madai yao yangali mbele ya Kamati hadi leo, na sijui yataamuliwa kwa ushahidi gani.

Gari lenyewe ni la Series III, aina iliyoundwa Uingereza tangu mwaka 1971 hadi 1985. Injini yake ni nzima. Baadhi ya wajumbe walitaka liuzwe kwa kuwa “limechoka”, lakini fundi alipolichunguza alikuta kwamba kilichochoka ni raba za milango. Mimi si fundi wa gereji. Haya niandikayo niliyapata kwa kumshikia fundi huyo tochi kwa siku mbili, na kwa kuuliza maswali ambayo pengine yalimchosha.

Yafaa kwanza kufahamu namna gari hili lilivyojengwa. Land Rover ya kwanza ilitolewa mwaka 1948, wakati chuma kilipokuwa kikigawiwa kwa kipimo huko Uingereza baada ya vita, na kwa sababu hiyo mabati yake ya nje yalitengenezwa kwa mchanganyiko wa alumini. Mtindo huo uliendelea katika magari yaliyofuata. Alumini haili kutu kama chuma. Basi wengi hudhani kwamba gari lote haliozi. Kumbe fremu za milango ni za chuma, na ukuta uliopo kati ya injini na abiria, pamoja na mahali pa kuwekea miguu, ni vya chuma pia. Maji yapitayo kwenye raba mbovu hutulia hapo chini ya mkeka, nayo hula chuma kimyakimya. Dereva huja kustuka siku kisigino chake kinapotoboa sakafu. Tena, chuma na alumini vikigusana penye unyevu, alumini nayo huliwa na kugeuka unga mweupe.

Jambo la pili ni moshi, na hili naomba lisisomwe kwa haraka. Gari linapokwenda, hewa iliyo nyuma yake hupungua nguvu, na kila tundu la upande huo huvuta ndani kilichopo nje. Ndiyo sababu vumbi hujaa nyuma hata kama madirisha ya mbele yamefungwa. Raba ya mlango wa nyuma ikiwa imekufa, haiingizi vumbi tu, bali na moshi wa ekzosi pia. Ndani ya moshi huo mna kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo huanza kwa kumuumiza mtu kichwa na kumletea kichefuchefu, na ikizidi huua. Katika gari hilohilo nilipata kusafiri kiti cha nyuma, nikashuka kichwa kikinigonga, nikalisingizia jua. Karani aliyekuwa pembeni yangu alitapika, naye tukamlaumia chakula cha mgahawani. Ikiwa abiria wa nyuma huumwa vichwa kila safari, gari lisimamishwe, ekzosi ikaguliwe, na raba ya nyuma ibadilishwe kabla ya kubeba mtu mwingine.

Sasa tuingie katika kazi. Kosa la kwanza ni kukimbilia dukani. Raba huziba kwa kubanwa kati ya nyuso mbili. Mlango ukiwa umening'inia, hata raba mpya haitabanwa. Fungua mlango nusu, ushike upande wa kitasa, uunyanyue. Ukicheza, bawaba zimelika, na hizo zishughulikiwe kwanza. Kisha twaa kipande cha karatasi, kiweke penye raba, funga mlango, ukivute. Kikishikwa, raba inafanya kazi. Kikiteleza bila upinzani, hapo ndipo penye upenyo. Fanya hivyo kuuzunguka mlango wote, kila upana wa kiganja, na upige alama ya chaki nje. Mwishowe mtu mmoja akae ndani na tochi, milango ikiwa imefungwa, na mwenzake amwage maji kwa ndoo, akianzia chini na kupanda polepole. Anayeanza juu hatajua maji yameingilia wapi.

Katika gari la chama tulilolitaja, maji mengine hayakupitia kwenye raba hata kidogo. Vioo vya Series III husukumwa kwa kuteleza ndani ya mifereji, na mifereji hiyo ilikuwa imejaa matope. Maji yalifurika yakamwagikia ndani. Vitundu vya kutolea maji chini ya mlango navyo vilikuwa vimezibwa na rangi. Tuliyazibua hayo yote kwa kijiti na brashi, bila gharama.

Raba nyingi za milango ya ubavuni hukaa kwenye nguzo na kizingiti cha bodi, zikishikwa na vipande vyembamba vya bati vilivyopigwa ribiti. Fundi alizitoboa ribiti kwa keekee, akavitoa vipande hivyo pasipo kuvipinda, kwa kuwa hutumika tena. Alisugua kutu kwa msasa, akapaka rangi ya kuzuia kutu, akaiacha ikauke hadi kesho yake. Dereva alinung'unika kwamba siku nzima imepotea. Lakini raba ikibandikwa juu ya kutu, kutu huendelea chini yake kama mchwa chini ya jamvi.

Raba mpya isivutwe wakati wa kuipachika. Ikivutwa itakaa vizuri siku hiyo, kisha itajirudi na kuacha upenyo pembeni. Isukumwe mahali pake taratibu, na ikatwe ikiwa imezidi kidogo. Ikiwa kuna kiungo, kiwekwe chini, si juu, ili maji yasipate njia. Palipo na gundi, ipakwe pande zote mbili, ingojewe mpaka ianze kunata, ndipo zikutanishwe. Na kazi hiyo ifanyike nje penye hewa. Ribiti mpya ziwe za alumini, kwa ile sababu niliyokwisha kuieleza.

Mlango utakuwa mgumu kufunga siku za kwanza. Wengine hukimbilia kuichonga raba kwa kisu. Msifanye hivyo. Acheni mlango umefungwa usiku kucha, raba ijilaze. Ikiwa ungali mgumu baada ya siku chache, legezeni kile chuma kinachopokea ulimi wa kitasa, mkisogeze nje kidogo.

Madereva wengi huziba kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli. Siwalaumu, maana nimeona vikifaa kwa msimu mmoja. Lakini mpira ule hauna uwazi ndani kama raba halisi, haubonyei, na jua huupasua upesi. Kadhalika, raba isipakwe grisi wala mafuta ya injini ili “iwe laini”. Mafuta hayo huivimbisha na kuiharibu. Ipakwe unga wa talki au mafuta ya silikoni, baada ya kuoshwa kwa maji na sabuni.

Kuhusu ununuzi, Kamati isipitishe vocha iliyoandikwa “raba za gari” basi. Ankara ionyeshe ni mlango upi, urefu wa raba kwa mita, na ikiwa vipande vya bati na ribiti vimo. Katika chama kile nilikuta ankara mbili za mwaka mmoja kwa raba za mlango wa nyuma, na mlango wa nyuma ulikuwa mtupu. Aliyetia sahihi alisema alidhani ni za mbele. Raba za zamani zirudishwe stoo zihesabiwe mbele ya mjumbe mmoja, na tarehe ya kazi iandikwe katika kadi ya gari. Kipande cha raba mpya chenye urefu wa kiganja kifungwe kwenye kadi hiyo, ili atakayetumwa dukani mara nyingine aende nacho mkononi.