Humu Mlilala Watu: Umahali katika Usomaji wa Picha za Mahame ya Hospitali za Akili

1.0 Utangulizi

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba mtu anapoieleza picha ya hospitali ya akili iliyoachwa, chaguo lake la sarufi huweza kuwadhihirisha wagonjwa waliokaa mle au kuwafuta. Picha za namna hiyo zimetokana na kufungwa kwa taasisi kubwa za Magharibi. Italia ilipitisha sheria ya kuzifunga mwaka 1978. Na mwaka 2009 Christopher Payne alichapisha kitabu kizima cha picha za majengo hayo nchini Marekani. Hali ya Tanzania ni tofauti: Lutindi, wilayani Korogwe, na Mirembe, mjini Dodoma, zingali zinatibu. Mtazamaji wa Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012, huzipokea picha hizi kwa Kiswahili na aghalabu kwa Kisukuma pia. Je, lugha hizo zinampa nyenzo gani?

2.0 Gofu na Hame

Neno la kwanza kumjia huenda likawa gofu. Neno hili hutaja jengo tu: kuta, paa lililoporomoka, rangi iliyobabuka. Hame, kwa upande mwingine, latokana na kitenzi hama, na hivyo hudokeza watu waliokuwapo wakaondoka. Hata hivyo, hame nalo lina upungufu. Anayehama huamua mwenyewe. Wagonjwa hawa walihamishwa. Hospitali ya Willard, jimboni New York, ilipofungwa mwaka 1995, yalikutwa darini masanduku zaidi ya 400 ya wagonjwa. Mwenye kuhama hufungasha. Masanduku yale yanashuhudia kwamba wenyewe hawakufungasha. Tofauti baina ya hama na hamishwa, ambayo darasani huonekana kuwa suala la unyambulishaji tu, hapa ni tofauti ya haki.

3.0 Viambishi vya Mahali

Tuzingatie mifano ifuatayo:

(1) Jengo hili linatisha.
(2) Hapa panatisha.
(3) Kule kunatisha.
(4) Humu mlilala watu.

Katika (1) kiima ni jengo. Katika (2) na (3) mahali penyewe ndipo penye kutisha, karibu au mbali; msemaji amesimama nje, na hakuna mtu aliyetajwa. Sentensi (4) ni ya namna nyingine. Kiambishi m- humwingiza msemaji ndani, nalo neno watu, likiwa baada ya kitenzi, huja kama taarifa mpya: yaani jambo ambalo picha haikulionyesha. Tukisema "Watu walilala humu," tunaanza na watu kana kwamba wanajulikana tayari. Mpangilio wa (4) ndio unaowagundua. Msukuma hahitaji kufundishwa mfumo huu upya, kwani lugha yake ina ha-, ku- na mu-, ambapo ha- inalingana na pa- ya Kiswahili.

4.0 Jina Mirembe

Yaweza kudaiwa kwamba suala hili ni la nchi za mbali. Sivyo. Katika mzaha wa kila siku, "mpelekeni Mirembe" haimaanishi mtu apate tiba, bali aondolewe mbele yetu. Jina la hospitali iliyo hai limefanywa gofu. Katika Usukuma aghalabu hutamkwa Milembe, kwa kuwa Kisukuma hakina fonimu /r/. Na Milembe ni jina la mwanamke katika jamii hiyohiyo. Hivyo binti aweza kukuta jina alilopewa kwa heshima limekuwa kichekesho, na familia yenye mgonjwa ikasita kutamka mahali ambapo angetibiwa. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 ilichukua nafasi ya sheria ya zamani iliyotaja maradhi. Mazungumzo yetu bado hayajaifuata.

5.0 Hitimisho

Imeelezwa kwamba hofu katika picha hizi haitoki kwenye kuta peke yake. Hujengwa pia na sarufi. Twapendekeza kwamba mwalimu wa isimu awape wanafunzi picha moja, waieleze mara tatu: kwa pa-, kwa ku- na kwa m-. Kisha awaulize ni maelezo yapi yaliyowalazimu kutaja mtu. Jibu lao litakuwa somo la mofolojia, na pia la utu.