Kabla Hujapandisha Kasi ya Prosesa: Vidokezo 9 kwa Wacheza Gemu wa Arua na Koboko

Kila shule zikifungwa, kwenye maduka ya kompyuta hapa Arua na kule Koboko swali ni lile lile: hii prosesa haiwezi kuongezewa kasi ili gemu isikwamekwame? Mara nyingine inaweza. Ila maelekezo mengi yaliyoko YouTube yametolewa na watu wenye chumba cha nyuzi 20, umeme usioyumba na pesa ya kununua prosesa nyingine kesho yake. Haya hapa chini ni kwa ajili yetu.

1. Soma jina la prosesa kwanza. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha fungua sehemu ya utendaji. Jina lote utaliona. Kwa Intel, tafuta herufi K mwishoni, kama i5-12600K. Pasipo na K, kasi imefungwa kiwandani. Hata K yenyewe inahitaji madabodi ya aina ya Z. Kwa AMD mambo ni mepesi: karibu Ryzen zote za mezani ziko wazi, mradi madabodi iwe ya B au X. A320 na A520 hazikubali. Ryzen 7 5800X3D nayo imefungwa, ingawa kwa gemu ni prosesa nzuri mno.

Sasa ukweli unaouma kidogo. Kompyuta nyingi za mtumba zinazouzwa huku ni Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre. Hizo zilitengenezwa kwa ajili ya ofisi, na BIOS zake (menyu ya mipangilio ya madabodi) hazina mahali pa kugusa kasi. Anayekuahidi kukufungulia anataka pesa yako tu. Ruka hadi kidokezo cha 3 na cha 4. Faida yako iko huko.

2. Jua ni nani anayechelewesha. Ingia kwenye gemu unayoipenda, punguza ukubwa wa picha hadi 720p, kisha tazama idadi ya fremu. Zikipanda sana, mzigo ulikuwa kwenye kadi ya grafiki, na kusukuma prosesa hakutakusaidia. Zisipopanda, prosesa ndiyo iliyolemewa. Na kama skrini yako ni ya hezi 60 na tayari unapata fremu 60 zisizotetereka, acha kila kitu kama kilivyo ucheze.

3. Weka ram mbili. Vipande viwili vya GB 8 ni bora kuliko kimoja cha GB 16, kwa sababu prosesa huvisoma sambamba na njia ya data inakuwa pana mara mbili. Kwa anayetegemea grafiki ya ndani ya prosesa, hili peke yake linaweza kuibadilisha GTA V kabisa. Kisha ingia BIOS uwashe XMP, au EXPO kwa AMD mpya, kama ipo, ili ram ikimbie kwa kasi iliyoandikwa juu yake. Watu wengi wamenunua ram ya 3200 inayokimbia kwa 2133 au 2400 miaka nenda rudi bila wao kujua.

4. Toa vumbi. Fungua boksi la kompyuta iliyokaa msimu mmoja karibu na barabara ya murram pale Koboko, uone. Kati ya mapezi ya kipozeo utakuta vumbi jekundu limeshikana na nyuzi za nguo mpaka limekuwa zulia. Ukilivua kwa kibano linatoka kipande kizima. Upande wa feni unaonekana msafi, kwa hiyo mtu anadhani hakuna tatizo. Upande wa chini hewa haipiti hata kidogo. Zima, chomoa waya, ng'oa feni, piga mswaki laini, puliza. Shikilia mapanga ya feni kwa kidole unapopuliza, yasizunguke. Kisha futa pesti ya zamani, ambayo mara nyingi imekauka kama chokaa, uweke mpya kiasi cha punje ya mbaazi. Kuna kompyuta zinazorudishiwa kasi yake yote kwa kazi hii ya nusu saa.

5. Piga hesabu ya joto la hapa. Kipozeo hakiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la chumba. Kilichompa mtu nyuzi 70 katika chumba cha nyuzi 22 kitakupa wewe takriban 82 chumba kikiwa na nyuzi 34, na Januari na Februari mabati yetu yanafika huko bila shida. Tena Arua iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi, hivyo feni inabeba joto pungufu kidogo. Nunua kipozeo kikubwa kuliko unachoambiwa kinatosha.

6. Umeme. Hadi 2024 mkoa wetu wa West Nile ulikuwa nje ya gridi ya taifa, ukiishi kwa jenereta na bwawa dogo la Nyagak la megawati 3.5 kule Zombo. Sasa tumeunganishwa, lakini kukatika na kuyumba hakujaisha. Stabilaiza na UPS vitangulie, ndipo uwaze kipozeo cha bei. Pawa saplai iwe ya jina linalojulikana. Ile swichi nyekundu nyuma ya saplai za zamani ibaki 230; ukiipeleka 115 kwenye umeme wetu, saplai inalipuka papo hapo.

7. Panda taratibu. Kasi ni kizidishi mara megahezi 100: 45 ni gigahezi 4.5. Ongeza kizidishi kwa moja tu, jaribu, ongeza tena. Volti iguse mwisho, na kwa matumizi ya kila siku mimi sivuki 1.3. Sababu ni hii: ulaji wa umeme hupanda sambamba na kasi, lakini kwa volti hupanda kwa mraba. Ongeza kasi asilimia 10 na volti asilimia 10, ulaji unaruka karibu asilimia 33, na wote unageuka joto. Usitegemee miujiza. Mwaka 1998 Celeron 300A iliweza kutoka megahezi 300 hadi 450; prosesa za leo hutoka kiwandani zikiwa zimeshajisukuma zenyewe, na kilichobaki ni asilimia chache. Kompyuta ikikataa kuwaka, chomoa waya, toa betri ya duara ya CR2032 kwa dakika chache, irudishe. BIOS itaanza upya.

8. Jaribu saa nane mchana, si saa nne usiku. Endesha programu ya kuilemea prosesa, OCCT au Cinebench, nusu saa huku HWiNFO ikikuonyesha joto. Likikaa chini ya 85, ni salama. Kisha cheza gemu yenyewe jioni nzima.

9. Fikiria kushusha volti badala ya kupandisha kasi. Kwenye Ryzen za 5000 na kuendelea kuna Curve Optimizer: prosesa inapewa volti pungufu, inapoa, na kwa sababu imepoa inapanda yenyewe na kubaki juu. Kwa joto la West Nile, hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwa moyo wote. Wenye Intel ya kizazi cha 13 au 14 waache kusukuma kabisa hadi wasasishe BIOS: mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba baadhi yake zilikuwa zikiharibika kwa volti ya kupita kiasi, na Agosti ikatoa marekebisho. Sasisha ukiwa kwenye UPS, maana umeme ukikatika katikati, madabodi inaweza kufa.

Na ukienda kununua kompyuta ya mtumba kwa ajili ya gemu, mwambie muuzaji aiwashe na aingie BIOS mbele yako kabla hujatoa hata shilingi.