Kutunza Farasi wa Watu kwa Malipo: Fanya Hesabu Kwanza

Huenda siku moja mtu mwenye gari akasimama langoni kwako, akaangalia nyasi zako, kisha akasema: "Mzee, nina farasi wanne. Nitunzie hapa, nami nitakulipa Shs. 14,000 kwa kila mmoja kila mwezi." Hili si jambo la ndoto kwa mkulima wa skimu aliye karibu na Gilgil, Naivasha, Molo au Nanyuki. Mashamba mengi ya skimu yalikatwa katika miaka ya 1960 kutoka mashamba makubwa ya walowezi, na wengi wao walifuga farasi. Mahali pengine banda la mawe lingali limesimama, nalo limejazwa magunia ya mahindi. Mjini Nairobi farasi hushindana katika uwanja wa Ngong Road tangu mwaka 1954, na Gilgil huchezwa polo. Farasi hao hula kila siku, wawe kazini au wawe wamepumzishwa.

Shs. 14,000 mara nne ni Shs. 56,000. Fedha hizo zaonekana nyingi. Hata hivyo usikubali siku hiyo. Mwambie arudi baada ya juma moja, nawe uchukue daftari na kalamu.

Kwanza uamue ni kazi gani unayouza. Namna moja ni malisho tu: farasi hukaa kondeni mwako, nawe humpa maji na kumwangalia asubuhi na jioni, chakula kingine na saisi ni juu ya mwenyewe. Namna ya pili ni matunzo yote: banda, matandiko ya maranda, nyasi kavu, chakula cha nafaka, kusuguliwa na kutolewa samadi. Bei ya kwanza haiwezi kuwa bei ya pili. Kuna pia kazi zisizo za kila siku, kama vile fundi wa kwato, ambaye huhitajika kila baada ya majuma sita hadi manane, dawa za minyoo, chanjo, na kukesha na farasi mgonjwa. Hizi ziandike peke yake na bei yake. Usipoziandika, mwenye farasi atadhani zimo katika zile Shs. 14,000.

Sasa tufanye hesabu ya matunzo yote. Bei ninazotaja ni za mfano. Wewe weka za kwenu. Farasi wa kilo 450 hula nyasi kavu kama kilo 10 kwa siku. Kwa mwezi ni kilo 300, yaani marobota 20 ya kilo 15. Robota likiwa Shs. 300, hizo ni Shs. 6,000. Ukilima nyasi mwenyewe, bado ziandike kwa Shs. 300, kwa sababu ungeweza kumwuzia jirani. Nafaka kilo mbili kwa siku, kwa Shs. 40 kilo, ni Shs. 2,400. Maranda Shs. 800. Jumla ya vitu anavyotumia farasi mmoja ni Shs. 9,200.

Kisha kuna gharama zisizojali idadi ya farasi. Saisi mmoja, tuseme Shs. 14,000 kwa mwezi. Maji, taa na kutengeneza banda, Shs. 2,800. Jumla Shs. 16,800. Hapa ndipo wengi huanguka. Vyumba vyote vinne vikijaa, kila farasi hubeba Shs. 4,200, na gharama yake yote ni Shs. 13,400. Mkulima huona Shs. 14,000 ni zaidi, akafurahi. Lakini farasi mmoja akiuzwa na mwenyewe, saisi hatapunguziwa mshahara. Farasi watatu hubeba Shs. 5,600 kila mmoja, na gharama inafika Shs. 14,800. Sasa unapoteza Shs. 800 kwa kila farasi, yaani Shs. 2,400 kila mwezi, na mke wako anauliza fedha za maziwa zimekwenda wapi.

Naye ana haki ya kuuliza. Konde walilopewa farasi lilikuwa la ng'ombe. Ikiwa ng'ombe huyo alikuachia Shs. 5,000 kwa mwezi baada ya gharama, nazo ni deni la farasi. Kwa hiyo piga bei ukidhani chumba kimoja ni kitupu siku zote. Kwa bei ya Shs. 18,000, farasi watatu hukuachia Shs. 9,600, ondoa Shs. 5,000 za ng'ombe, unabaki na Shs. 4,600. Hiyo ndiyo faida yako, wala si 56,000.

Usichukue bei ya shamba kubwa la jirani ukaipunguza kidogo ili uwavute wateja wake. Yeye ana marobota yake na matrekta yake. Hesabu yake si yako.

Tena farasi si ng'ombe, na makosa ya chakula huua. Mahindi yenye ukungu, ambayo wengine huyatupia mifugo, huharibu ubongo wa farasi. Baadhi ya vyakula vya kuku na vya ng'ombe hutiwa dawa iitwayo monensini. Ng'ombe huivumilia, lakini kiasi kidogo tu huua moyo wa farasi, basi stoo zitenganishwe. Nyasi za setaria ya Nandi, ambazo ng'ombe wako wamezizoea, humnyima farasi chokaa ya mifupa, na zikiwa chakula chake cha siku zote uso wake huvimba. Boma Rhodes ni salama zaidi. Seng'enge nayo iondolewe; farasi akishtuka huikimbilia na kujipasua miguu.

Ugonjwa wa farasi wa Afrika huletwa na visubi wanaouma kuanzia magharibi hadi alfajiri. Waingize bandani kabla jua halijatua, na usimpokee farasi asiye na cheti cha chanjo. Punda milia hubeba ugonjwa huo bila kuonekana wagonjwa, basi anayepakana na mbuga aangalie zaidi.

Mapatano yaandikwe na kutiwa sahihi. Malipo ya mwezi yaje mwanzoni mwa mwezi. Kuna watu huacha farasi wakanyamaza miezi mitatu, na mnyama anaendelea kula marobota yako. Andikeni pia nani atamwita daktari wa mifugo mwenyewe asipopatikana kwa simu, mpaka kiasi gani cha fedha, na farasi akifa bila kosa lako hasara ni ya nani. Mteja anayekataa kuandika hilo la mwisho, mwache aende.

Mkulima mwenye nguvu aanze na farasi wawili bila kuajiri saisi, ajiandikie mshahara huo mwenyewe katika daftari. Na kabla ya kuwapokea awe na marobota ya miezi mitatu ghalani, kwani kiangazi cha Januari na Februari bei ya nyasi hupanda.