SOMO LA SOKO: Chumba cha gemu Nyakato, wati kwanza, prosesa baadaye

MFANYABIASHARA mdogo wa Nyakato mwenye fremu moja kando ya barabara ya Musoma, anayetaka kufungua chumba cha gemu chenye kompyuta nne, kwa kawaida huanza na swali la prosesa. Achukue i5 au i7? Swali si baya, ila limekuja mapema. Fedha nyingi katika biashara hii hupotea kwenye kadi ya grafiki iliyonunuliwa kabla ya kutazama mashine itakayoibeba.

Mashine mpya ya gemu ni mzigo mzito kwa mtaji wa fremu moja. Kinachonunulika ni kompyuta za mezani zilizokwisha kutumika maofisini nje ya nchi, hasa Dell OptiPlex na HP EliteDesk. Ni mashine imara. Lakini ziliundwa kwa ajili ya barua na mahesabu, na pawa saplai zake nyingi ni za kati ya wati 180 na 290. Isitoshe, OptiPlex nyingi za miaka kumi iliyopita hazitumii plagi ya kawaida ya pini 24, hivyo anayedhani atabadili pawa saplai baadaye ajiandae kutafuta waya maalumu wa kuunganishia. Zile nyembamba nazo hupokea kadi fupi tu.

Hapo ndipo hesabu ya kadi inapoanzia. Tundu la kadi kwenye madabodi limewekewa kikomo cha wati 75. Kadi inayozidi hapo hudai waya wake kutoka kwenye pawa saplai, na mashine ya ofisi mara nyingi haina waya huo. Zinazobaki ndani ya mpaka ni kama GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 na GTX 1650 ya mwaka 2019, zote zenye kumbukumbu ya GB 4. (Zipo GTX 1650 zilizowekewa tundu la waya wa ziada. Hizo ziachwe dukani.)

Muuzaji ataleta RX 580 ya mwaka 2017, yenye GB 8, na atasema kweli kwamba ina nguvu kuliko GTX 1650. Asichosema ni kwamba inakula wati 185. Tofauti ni wati 110 kadi zikifanya kazi kwa nguvu zote. Kwa saa nane kwa siku, siku 26 kwa mwezi, hizo ni uniti 22.9 kwa mashine moja, au uniti 91.5 kwa mashine nne. Kwa bei ya Sh. 292 kwa uniti, iliyowekwa mwaka 2016 kwa wateja wa kundi T1, ni kiasi cha Sh. 26,700 kila mwezi kabla ya kodi na tozo. Hapo bado gharama ya pawa saplai mpya nne. Mwenye chumba atapaswa kujiuliza ni mechi ngapi za kulipia zitazaa fedha hiyo.

Kadi hizo kubwa pia zina historia. Nyingi zilifanya kazi usiku na mchana kuchimba sarafu ya Ethereum, mpaka uchimbaji huo ulipokoma tarehe 15 Septemba 2022 na kadi zikamwagwa kwenye soko la mitumba duniani. Kadi ya namna hiyo si lazima iwe mbovu, ila feni zake zimechoka, na vumbi la barabarani halitazisaidia.

Sasa prosesa. Kazi yake ni kupiga hesabu za gemu: mpira unaenda wapi, mchezaji yupi anakimbia. Kadi ndiyo inayochora. Ikiwa prosesa ni dhaifu, kadi hukaa ikisubiri. Herufi na tarakimu ya mbele havitoshi kuamua. Muuzaji akisema, "Hii i7, kaka," tazama namba inayofuata. i7-2600 ni ya mwaka 2011 na ina viini vinne. i5-8500 ni ya mwaka 2018, ina viini sita, na huishinda.

Kuna sababu nyingine ya kutoshuka chini ya kizazi cha nane cha Intel. Msaada wa bure wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizitambui rasmi prosesa karibu zote za kabla ya hapo. Anayenunua i5-6500 leo kwa sababu ni rahisi ananunua mashine iliyofungiwa mlango.

Je, i5-8500 na GTX 1650 zitaridhisha wateja? Kwa mpira, ndiyo. EA ilipotoa FC 24 mwaka 2023 ilitaja GTX 1050 Ti na rami ya GB 8 kuwa kiwango cha chini kabisa. GTA V, iliyofika kwenye kompyuta mwaka 2015, ni nyepesi zaidi. Gemu nzito za miaka ya karibuni zitapwaya, na mwenye chumba awaambie vijana mapema. Vilevile, kioo cha ofisi huonyesha picha 60 tu kwa sekunde, kwa hiyo kulipia kadi ya kutoa 120 ni kulipia kisichoonekana. Fedha hiyo inunue rami, vipande viwili vya GB 8 badala ya kimoja cha 16, kwani viwili hupitisha data kwa upana maradufu.

Kabla ya kulipa, mnunuzi aende na programu ya GPU-Z kwenye flashi. Kadi za kughushi zipo: kadi ya zamani hubandikwa jina la GTX 1050 Ti, na tangu mwaka 2018 programu hiyo huweka onyo inapoikuta kadi ya NVIDIA ya namna hiyo. Kisha gemu ichezwe nusu saa palepale dukani, mashine ikiwa imefunikwa kama itakavyokaa kwenye fremu. Ikizima yenyewe, wati hazitoshi, au joto limezidi, na bei bado haijalipwa.